Shemine Haisimami Peke Yake: Juu ya Foto 12 za Kijana Anayeanza

Katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya ndoa, kilio, methali na ngoma za wazee. Mara hii tunaomba ruhusa ya kusema juu ya foto. Mwingine atauliza: foto nayo ni desturi? Tunajibu: ndiyo. Hapa kwetu Lubumbashi, ni nyumba gani haina foto ukutani ao ndani ya valizi ya mama? Mutu akifa, kitu cha kwanza jamaa wanatafuta ni foto yake nzuri, ya kuweka mbele ya watu wanaokuja kulia. Kitu kilichoingia mpaka mu kilio, hicho si cha wageni tena. Ni chetu.

1. Kitu tulichokiona

Jumamosi moja mwishoni mwa kiangazi, katika chumba ambamo shirika letu linafanyia mikutano, kijana mumoja alitundika foto 12. Ana miaka 19. Alikuwa mwanafunzi wetu ku sekondari. Kamera yake ni ya okazio, ameinunua kwa feza ya kuuza unite za simu. Foto zote ni za majengo na alama za muji: shemine ya Gécamines na kilima cheusi kilicho karibu yake, Katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, Posta kubwa, Teatri ya zamani ambayo leo tunaita Batima ya 30 Juin, na Muzeo. Alituomba tuseme wazi kama zinafaa. Alisema: « Mwalimu, usinisifu. Unikosoe. »

Tumemukosoa siku ile kwa mudomo, na tunaandika leo sababu mambo tuliyoona hayahusu yeye peke yake. Mengine yanatuhusu sisi waalimu.

Tuanze na mazuri. Foto ya katedrali ndiyo iliyopendwa na wengi. Aliipiga akiwa chini ya jakaranda, mwezi wa 10, wakati miti ile inaota maua, na matawi yanazunguka ukuta wa matofali kama vile kadre ndani ya kadre. Jicho linaingia chini ya tawi, linafika ku mulango, linapanda ku munara. Hakuna aliyemufundisha hiyo. Ni ujanja wa mutu aliyesimama, akaangalia, akarudi nyuma hatua mbili. Foto ya Teatri nayo ni nzuri kwa misitari. Jengo lile lilichorwa na Claude Strebelle miaka ya 1950, na mwenye kulipiga foto sharti akubali kufuata mwendo wake. Kijana alifuata. Alisimama upande, hakusimama uso kwa uso, na misitari ya jengo inakimbia mpaka inatoka nje ya foto.

Kwa foto hiyo alipata matata. Mulinzi mumoja alimukamata mukono, akamwambia afute yote. Tunasema hivi kwa vijana wote: hapa Kongo, jengo la serikali, daraja, kiwanja cha ndege, kambi ya askari, si vitu vya kupiga foto ovyo. Uombe ruhusa mbele, na uwe na karatasi mu mufuko. Kijana aliomba ruhusa, akarudia siku ingine. Ile foto ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, sababu hakuwa tena na mbio.

2. Jua la vitabu vya Ulaya

Kosa la kwanza ni la mwangaza. Foto ya Posta na ya Muzeo ziko na uso mweusi, na mbingu iko nyeupe kama chokaa. Tulimuuliza: ulipiga saa ngapi? Akasema: katikati ya siku. Na ulijuaje fasi ya kusimama? Akasema: kitabu kinaeleza kwamba saa sita za muchana jua liko kusini, basi nyumba inayoangalia kusini inapata mwangaza.

Kitabu kile kilitoka Ulaya, na ku Ulaya maneno yake ni ya kweli. Lakini Lubumbashi iko kusini ya ekwateri, karibu digri 12. Kuanzia mwisho wa mwezi wa 10 hivi mpaka katikati ya mwezi wa 2, jua la muchana linapita kidogo upande wa kusini wa kichwa chetu. Miezi mingine yote, na zaidi wakati wa kiangazi, linapita upande wa kaskazini. Basi mwezi wa 6 na wa 7, ukuta unaoangalia kusini unabaki mu kivuli muchana kutwa. Mutoto wa hapa anaijua hiyo kwa mwili wake: anajua upande gani wa nyumba muzee anaweka kiti akitafuta kivuli. Ila amesahau kuuliza mwili wake, ameuliza kitabu.

Tena, huku kwetu jua halikawii kupanda wala kushuka. Ule mwangaza wa kulala, unaoonyesha kila tofali, unadumu muda mufupi asubuhi na mangaribi. Mupiga foto wa hapa sharti afike fasi yake mbele ya jua. Akifika pamoja nalo, amekwisha kuchelewa.

3. Shemine inayoanguka

Tufike sasa ku foto kubwa, ile aliyoiweka katikati ya ukuta: shemine. Wote tunaijua. Mutu anayetoka mbali kwa basi, akiiona tu, anasema: tumefika. Kazi ya kuyeyusha mukuba ilianza fasi ile mu mwaka 1911, muji wenyewe ukiwa na mwaka mumoja tu. Shemine na kilima cheusi ni kama kitambulisho cha Lubumbashi.

Kijana alisimama karibu sana, akainua kamera juu. Matokeo: shemine inaonekana kama inaanguka kinyumanyuma, chini nene, juu nyembamba, na haina kitu kingine pembeni isipokuwa mbingu. Yeye anaona ni ukubwa. Sisi tunaona ni kosa, na tunataka kueleza sababu yake, maana ndani ya hilo kosa kuna fundisho lote la makala hii.

Ukiinua kamera juu, misitari iliyosimama inaanza kukaribiana. Haikose. Kama unataka shemine isimame wima kama inavyosimama kweli, sharti uende mbali na ushike kamera sawasawa, isiangalie juu wala chini. Sawa. Lakini ukishika kamera sawasawa, mwisho wa macho, pale mbingu na udongo vinapokutana, unaangukia katikati ya foto. Nusu ya juu ni mbingu na shemine. Nusu ya chini ni nini? Ni udongo. Ni barabara, ni vumbi, ni kinga zinazobeba makala, ni bamama wanaouza mikate, ni batoto wa masomo. Kwa hiyo mupiga foto anakuwa na njia mbili tu: ao ainue kamera ili asione watu, na shemine ianguke, ao akubali watu, na shemine isimame.

Tulipomweleza hivyo, alinyamaza kidogo. Halafu akatujibu neno ambalo lilitushinda usiku ule: « Mwalimu, lakini batu habako tena pale. Foto yangu iko ya kweli. »

4. Utupu wa kweli na utupu wa kungojea

Neno lake si la kutupa. Zamani watu walikuwa wanasema kazi njo baba, njo mama. Kampani ilitoa nyumba, unga, lopitali, masomo. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa kitabu mu mwaka 2001, na tayari ndani ya jina la kitabu chake wana wa Shaba wanaitwa wana walioachwa na baba yao. Miaka miwili nyuma ya kitabu hicho, mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi Gécamines katika mupango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Kijana wetu alikuwa hajazaliwa. Amekuta shemine ambayo haitoi moshi kama zamani. Akisema watu hawako, anasema historia.

Na wako wakubwa waliofanya kazi na utupu ule. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, mu mwaka 2006 alitengeneza foto zinazojulikana kwa jina la « Mémoire ». Alipiga foto za majengo ya kiwanda yaliyoshikwa na kutu, na mbele yake akaweka watu kutoka foto za zamani za wakati wa koloni, watu weusi na weupe wasiokuwa na rangi, juu ya vyuma vyenye rangi ya leo. Halafu, mu 2008, yeye na wenzake walianzisha hapa hapa Lubumbashi mikutano ya sanaa iliyopewa jina la Picha. Jina zuri, la Kiswahili, ambalo kila mutu anaelewa.

Lakini tuangalie vizuri. Baloji alikuta fasi tupu, akarudisha watu. Kijana wetu alikuta fasi yenye watu, akawaondoa. Tulimuuliza polepole, kama vile mwalimu anauliza: hiyo foto ilikuchukua muda gani? Akasema saa nzima na nusu. Kwa nini? « Nilikuwa nangojea bamama bapite, na bakinga. Balikuwa banaharibu foto. »

Njo hapo tulipomushika. Utupu wa kiwanda kilichofungwa ni utupu wa kweli. Utupu wa mutu aliyengojea saa nzima na nusu ili watu wapite, huo ni wa kutengenezwa. Watu hawakuondoka. Wamebadilisha kazi tu: mume aliyekuwa anayeyusha mukuba, leo muke wake anauza mikate chini ya ukuta ule ule. Ukiwafuta hao, hausemi tena historia ya shemine, unasema nusu yake, na ni nusu ambayo wageni wanaipenda, ile ya uharibifu mutupu.

Tunaongeza onyo kwa vijana wengine tunaowaona na simu zao, wanaobandika watu wa zamani mbele ya kila ukuta mubovu, wakisema ni kama Baloji. Baloji alitafuta sana mu foto za zamani mbele ya kubandika. Anayebandika bila kujua mutu yule ni nani na alisimama pale kwa amri ya nani, anapamba tu.

5. Wazee walituachia nini

Hapa sharti tujilaumu sisi wenyewe. Kitabu kile cha Ulaya, ni sisi tuliomupa. Na ndani ya kitabu, mustari wa chini, kuna alama ya kalamu yetu nyekundu, pale panaposemwa mupiga foto aondoe kila kitu kisichokuwa cha lazima. Tulifundisha hivyo ku kalasi mara nyingi, kwa foto na kwa insha. Ni kanuni nzuri. Ila hatukuwaambia wanafunzi kwamba kitu « cha lazima » kinategemea ni nani anayeangalia.

Kanuni ingine tuliyomupa ni ya kugawa foto katika sehemu 3 kwa urefu na 3 kwa upana, na kuweka kitu kikubwa pale misitari inapokutana, si katikati kabisa. Hiyo nayo inasaidia. Foto yake ya kilima cheusi, akiwa amekiweka pembeni na barabara inakuja kutoka upande mwingine, inapumua vizuri. Hatusemi vijana watupe kanuni za watu. Tunasema waziweke pamoja na zetu, maana tuko nazo.

Tutoe mifano. Mu 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa muji wetu, wakati ule Élisabethville, atelie iliyoitwa Hangar. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka mpaka karatasi nzima ikajaa. Bela alipaka rangi kwa vidole. Mwenze Kibwanga alijaza kazi yake kwa misitari midogo midogo. Mbele ya kazi za Pilipili, nenda ukatafute fasi tupu: utachoka. Kwa macho yake, dunia iliyokamilika ni dunia iliyojaa.

Halafu, miaka ya 1970, wapaka rangi wa Katuba, Kenya na Kamalondo walikuwa wanauza kazi zao kwa watu wa kawaida, za kutundika mu salo. Mwenye kujulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, ambaye alipaka historia ya inchi yetu picha kwa picha. Kazi za namna ile ziliitwa ukumbusho. Neno hilo ni kipimo kikali. Ukumbusho hauulizi kwanza kama picha ni nzuri. Unauliza: mutu akiiangalia, atakumbuka nini, na ataanza kusimulia nini? Picha isiyomufanya muzee afungue kinywa, si ukumbusho.

Na mwisho, foto za studio. Angalieni zile za babu zetu. Mutu amesimama muzima, toka kichwa mpaka viatu. Uso kwa uso. Mukono mumoja juu ya kiti ao juu ya radio. Vitabu vipya vinasema karibia, kata, onyesha sura tu. Lakini muulize mama yeyote wa hapa uone kama atakubali umukate miguu. Atasema: miguu yangu imeenda wapi? Viatu vile alivinunua kwa taabu, navyo vinataka kuonekana. Hiyo si ujinga wa kutojua kompozisio. Hiyo njo kompozisio: mutu haonyeshwi kwa vipande.

6. Foto ya 12

Kuna foto moja ambayo kijana hakutaka kuitundika. Aliiacha ndani ya bahasha, akisema imeharibika. Sisi tulimwomba aitoe. Ni shemine ile ile, lakini kutoka mbali. Kamera iko sawasawa, shemine imesimama. Mbele, mama mumoja yuko na meza yake ya mikate, na moshi wa mbabula yake unapanda karibu ya shemine isiyo na moshi. Mama amegeuka, ana hasira, mukono wake uko mbele ya uso.

Kwa macho ya kwanza tungeweza kusema: hii njo foto ya siku. Kila kitu kiko ndani. Lakini tulimuuliza: uliomba ruhusa? Hapana. Mama alimufuata mpaka ku barabara akisema: « We mutoto, ile foto unaenda kuuza kwa nani? Uso wangu ni biasara yako? » Basi tuliirudisha mu bahasha. Uzuri wa misitari haununui heshima ya mutu. Mwenye kulinda jengo la serikali tunamwomba karatasi. Mama anayelinda uso wake, yeye hatumwombi kitu? Kama tunaogopa mulinzi tu, si adabu, ni woga.

Kijana alirudi kule bila kamera. Alisalimia, alinunua mikate, aliomba musamaha. Mara ya pili alipeleka kamera. Mama alikubali kwa masharti matatu: asimame muzima na viatu vyake, avae kitambaa kingine, na aletewe foto ya karatasi, si ya kuangalia mu simu. Kijana alipotaka kupiga, aliona shemine inatoka ku kichwa cha mama kama vile kofia ndefu. Hapo ndipo tulipofurahi kuliko fasi ingine yote: hakumusogeza mama. Alisogea mwenyewe, hatua moja upande wa kushoto, na shemine ikakaa nyuma ya bega. Hatua moja. Hiyo njo kompozisio, na hakuna kitabu kinachoweza kukupigia ile hatua.

Foto hiyo njo ya 12 ukutani. Iko na makosa: nusu ya meza imekatwa, na kivuli cha kijana mwenyewe kimeingia chini, sababu aliacha jua mugongoni, chini sana. Mama amekaa katikati kabisa, kinyume cha kanuni ya sehemu 3. Lakini siku ya maonyesho, muzee mumoja aliyefanya kazi ku furu miaka mingi alipita mbele ya shemine kubwa bila kusema neno. Alipofika ku foto ya 12, alisimama, akaanza: « Pale, nyuma ya huyu mama, kulikuwa mulango wa… » Na watu wakamuzunguka.

7. Kinachobaki kukosoa

Tumalize na neno moja kali, maana kijana aliomba tusimusifu. Chini ya foto zake zote 12 hapakuwa na jina la fasi, wala siku, wala mwezi, wala mwaka. Alisema kila mutu anajua shemine. Ndiyo, leo. Lakini kilima cheusi kilicho pembeni yake kinachimbwa upya tangu mwanzo wa miaka ya 2000, ili kutoa madini yaliyobaki ndani. Umbo ambalo baba zetu walilijua si lile ambalo kijana amepiga, na alilolipiga si lile ambalo watoto wake watalikuta. Foto ya kilima bila tarehe, nyuma ya miaka 20, ni foto ya kilima gani?

Kwa hiyo tuliketi naye, na kalamu ya mafuta, tukaandika nyuma ya kila moja: fasi, siku, saa, upande aliosimama. Ku foto ya 12 tuliacha musitari mumoja mweupe kwa jina la mama. Kijana atamuuliza kama anataka jina lake liandikwe. Kopi moja ya zote itabaki katika kabati la shirika. Nyingine, ile ya 12, amekwisha kuipeleka ku meza ya mikate.